Kimya Kilichohesabiwa Kuwa Ndiyo

Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hupenda kuanza na vita. Wanataka kujua nani atapigana na nani, na nani ana makombora ya kufika wapi. Mimi huwarudisha nyuma. Nawaambia waandike kwanza maneno: mamlaka ya nchi, maslahi ya taifa, itifaki, hati za utambulisho, kura ya turufu, kutia saini, kuridhia. Hununa, maana wanadhani maneno ni kazi ya shule ya msingi. Sijali. Mimi ni mtu wa Bagamoyo, mjini hasa, tulikolelewa kupima neno kabla ya kulitoa, na mtaa wetu peke yake ungeweza kutoa mabalozi wa kuzitosha nchi tatu. Najivuna, ndiyo, na sababu ninayo.

Maneno hayo nilijifunza chuoni Dar es Salaam, kwa Kiingereza, nikiwa na daftari nililoligawa kwa rula. Kushoto neno la mwalimu, kulia neno la kwetu. Wenzangu walinicheka, wakasema mtihani hauulizi Kiswahili. Lakini neno ambalo siwezi kumweleza shangazi yangu jikoni mimi huliona bado sijalielewa. Shangazi huyo, dada yake baba, ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na hakuwa mtu wa kudanganywa kwa maneno makubwa.

Nilikuwa mwaka wa pili barua ya posa ilipofika nyumbani. Ilikuwa Ijumaa baada ya swala, nami nimekuja kupumzika mwisho wa wiki. Mshenga alivaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, barua ameifunga kwenye kitambaa cheupe. Watu wenyewe walikuwa wa Pangani, wenye duka la vifaa vya ujenzi, watu wa heshima. Kijana sikuwa na neno naye. Leo ni mume wangu, na bado sina neno naye isipokuwa la kukoroma. Tatizo lilikuwa mstari mmoja: walitaka ndoa ifungwe kabla ya Ramadhani, na bibi harusi ahamie Pangani. Mimi nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja na nusu chuoni.

Baba aliniita ukumbini, akanieleza barua inavyosema, akauliza, "Mwanangu, unasemaje?"

Niliangalia vidole vyangu vya miguu. Kwetu mwari anayejibu upesi huonekana alikuwa anasubiri nyuma ya mlango. Nilinyamaza kwa haya, na moyoni nilikuwa nasema, niacheni kwanza nifikiri. Baba akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema "Alhamdulillahi," akatoka. Jumapili nikarudi Dar, nina jaribio, nikajiambia mambo ya posa hayana haraka.

Jumatano darasani mwalimu akatufundisha jinsi nchi zinavyopitisha tamko bila kupiga kura. Rasimu inatumwa kwa kila mjumbe, inatajwa siku na saa. Asiyepinga mpaka saa hiyo ipite, amekubali. Niliandika upande wa kulia, "utaratibu wa ukimya," nikapiga mstari chini yake, kisha mkono ukasimama. Nikaona vidole vyangu vya miguu, nikamwona baba anaitikia kwa kichwa. Nilitoka nje nikampigia shangazi simu.

"Shangazi, shikamoo. Baba ameshajibu ile barua?"

"Marahaba. Majibu yanachukuliwa Jumamosi. Mbona unahema?"

Ijumaa nilikuwa kwenye basi la Bagamoyo, na kuanzia Bunju mpaka Mapinga nilikuwa natunga maneno na kuyafuta. Shangazi nilimkuta anakuna nazi. Hakuacha kuikuna.

"Mimi sikumwambia baba kitu," nikasema.

"Ndicho hicho alichokisikia."

"Sikukubali, shangazi."

"Ungekataa angesikia. Sisi tulioolewa wote kimya chetu ndicho kilichotujibia, sasa baba yako angejua vipi kwamba wewe chako ni cha namna nyingine?" Akakung'uta mbuzi ya nazi. "Lakini barua ya majibu ipo ndani bado, haijavuka kizingiti. Maji hayajamwagika."

Nilimwomba anisemee kwa kaka yake. Akaniuliza huko chuoni nasomea nini. Nikamjibu diplomasia, na jibu hilo likanifunga: ilibidi nikaseme mwenyewe.

Baba alikuwa kwenye cherehani yake barazani, anashona kola ya kanzu ya mteja. Nilimwamkia, nikakaa kwenye mkeka chini yake, nikayasema yote kwa mkupuo kabla haya haijanirudia.

"Baba, siku ile nilinyamaza kwa haya, si kwa kuridhia. Kijana simkatai. Tarehe ndiyo siitaki, na chuo siachi."

Gurudumu la cherehani likasimama. Alivua miwani, akaifuta kwa kipande cha kitambaa, na nikaona nimemuumiza. Nilimwonea huruma, lakini sikurudi nyuma.

"Nimeshawaambia watu msikitini kwamba tumekubali," akasema. "Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, mwanangu. Sasa nikawaambie nini? Kwamba nilisema uongo?"

Hapo ndipo daftari langu lilipoanza kuwa na kazi. Shida ya baba haikuwa tarehe. Shida yake ilikuwa hadhi, na mtu hawezi kukubaliana na wewe huku unamvua nguo mbele za watu. Nikamwambia kwamba nchi inaweza kukubali mkataba mzima na ikaweka sharti kwenye kifungu kimoja, na bado ikahesabiwa imekubali.

"Uliwaambia tumekubali, na ni kweli tumekubali. Tuandike hivyohivyo. Halafu tuandike sharti: ndoa baada ya kuhitimu, na sharti hilo litajwe mbele ya kadhi siku ya kufunga. Hujasema uongo, Baba. Umesema nusu ya kwanza."

Alikaa kimya mpaka nikaogopa nami nisije nikakihesabu kimya chake vibaya. Kisha akavuta droo ya cherehani, akatoa barua aliyoiandika, akaichana mara mbili bila hasira. "Ingia ndani ulete karatasi," akasema. "Mwandiko wako unasomeka kuliko wangu." Niliandika mpaka magharibi. Neno "endapo" alilikataa, akasema linafungua mlango wa nyuma, tukaweka "kwa sharti kwamba." Nimewafundisha watu wengi kuandika mikataba tangu siku hiyo, na sijampata aliyenishinda kwa jicho kama fundi yule wa kanzu.

Kesho yake mshenga alikuja na wazee wawili. Mimi na shangazi tulikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, mahali pa wanawake siku kama hiyo. Mshenga aliipitishia macho barua, akafika kwenye sharti, akakohoa.

"Hili la nani?" akauliza. "Maana huku mjini twajua, shangazi za watu huwa na maneno yao."

Nilijua baba atakavyojibu. Mila ilimpa pa kujificha: angesema wazee wa ukoo wameona hivyo, na hakuna ambaye angeuliza wazee gani. Nilikuwa tayari kumshukuru hata kwa hilo.

"La binti yangu," akasema baba. "Ameliandika kwa mkono wake. Mwiteni aje alisome mwenyewe."

Shangazi akanisukuma mgongoni. Nilirekebisha ushungi, nikatokea ukumbini, nikawaamkia wazee mmoja mmoja, nikapokea barua. Mshenga alimgeukia baba. Hakuwa na ubaya, alikuwa amepotea tu.

"Bwana, sisi hatujazoea kusomewa majibu na mwari."

"Hata mimi sijazoea," baba akasema. "Nimeanza leo."