Aliyeshikilia Mlingoti wa Antena

Usinicheke kwanza. Mimi nimeokoka, pombe naisikia kwa jirani, na hiki ninachokueleza nilikiona kwa macho yangu hapa Gatongora, Ruiru, nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Kama ningekuwa mtu wa kubuni, si ningekubunia jini lenye kwato nikufurahishe?

Acha nianze na televisheni. Baba alifanya zamu ya usiku katika kiwanda cha nguo pale Eneo la Viwanda, Thika, akirudi alfajiri na nyuzi za pamba nywelini. Siku hizo asubuhi hakukuwa na vipindi. Ukiwasha unapata mistari ya rangi na mlio mmoja wa kuumiza meno, basi. Lakini aliyemuuzia Baba ile televisheni alimwambia kwamba kuna kitufe kwenye rimoti kinacholeta habari za kusoma, zinajaa kioo kizima, na kwamba Wazungu huzisoma kabla ya kwenda kazini. Baba akaamini. Kila alfajiri Mama alibonyeza kitufe, kioo kikawa cheusi, namba mia moja ikakaa juu pembeni, na maandishi hakuna. Baba naye yuko nje anazungusha mlingoti wa antena. "Imeshika?" "Bado." "Na sasa?" "Bado, rudisha kidogo."

Kama ulikulia enzi hizo unajua kwamba picha ilikaa mtu akishikilia mlingoti, na akiuachilia tu, ni chenga. Ndiyo maana hata vipindi vya jioni Baba alivisikilizia dirishani, sisi wengine tukiangalia. Sikuwahi kumsikia akilalamika.

Baba alipofariki, nilimleta Mama kwangu, kwa sababu alikuwa ameanza kuanguka na pale Thika alibaki peke yake. Alitoa sharti moja, televisheni ije na mlingoti wake. Nikausimamisha kando ya ukuta kumridhisha tu, maana siku hizi bila dekoda televisheni za zamani hazishiki kitu. Bado hakutulia. Chai aliiacha ikapoa, mkoba wake hakuufungua.

"Baba yenu haijui nyumba hii," aliniambia. "Jumamosi unirudishe Thika."

Niliogopa, sitakuficha. Akianguka huko, nani angemwinua?

Ijumaa alfajiri ukungu ulishuka mpaka geti halionekani. Nikamkuta Mama sebuleni mbele ya kile kioo cheusi, rimoti mkononi. Nje, mlingoti ulikuwa unalia kwenye vyuma vyake. Kisha nikasikia sauti. "Imeshika?"

"Bado," Mama akajibu, wala hakugeuka.

Nilidhani ni mlinzi wa ploti. Nikatoka na kikombe changu nimuulize anatafuta nini. Mtu alikuwa amenipa mgongo, koti la bluu la kiwandani, nyuzi nyeupe nywelini. Nikaganda. Niamini, mgongo wa babako huwezi kuukosea.

"Usisimame hapo kwa baridi," akasema. "Ingia uniambie ikishika."

Ungefanya nini wewe? Mimi niliingia. Kumtii huyo mzee nilikuwa nimezoea tangu utotoni.

Na kioo kilikuwa na maandishi. Ya kijani na ya manjano, yamejipanga vizuri. Nikayasoma kwa sauti kwa sababu Mama hakuwa na miwani. Thika, ukungu asubuhi, jua baadaye. Ruiru, ukungu asubuhi, jua baadaye. Hayo tu. Kumbe miaka yote ile tulikuwa tunangoja habari za hali ya hewa! Mama alicheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mazishi.

Furaha ikanipanda kichwani, nikapaza sauti, "Imeshika, Baba! Ingia uone!"

Mama alinivuta mkono, lakini nilikuwa nimeshasema. Mlingoti ukanyamaza. Kioo kikawa chenga tupu. Nilikimbia nje, sikuona mtu, ila nyuzi za pamba zilikuwa zimenata kwenye chuma kilicholowa umande.

"Sasa ulimwita wa nini?" Mama akaniuliza, bila hasira. "Si unajua akiachilia inapotea? Na tulikuwa tunaongea."

Kisha akanywa chai yake yote, akaniambia nimletee ule mkoba atoe nguo. Habari ya kurudi Thika hakuitaja tena. Na jua lilitoka baadaye, kama ilivyoandikwa.

Mlingoti bado upo. Majirani huniuliza kwa nini siuuzi kama chuma chakavu, nami nacheka tu. Asubuhi zingine nausikia ukilia kidogo, namsikia Mama akisema "bado" kwa sauti ya chini, basi nageukia upande wa pili nalala nikiwa nimetulia moyo. Kwa hiyo nakuonya, hasa wewe mwenye mzee aliyetangulia na televisheni kuukuu sebuleni. Alfajiri moja ukisikia mtu nje anauliza kama imeshika, hata kama kioo kinang'aa na kila herufi inasomeka, mjibu bado.