Jemadari Radi Amekufa kwa Kauli Yake

Ukimkuta dobi wetu kibandani kwake, pasi mkononi na jasho likimtiririka, utasema huyu hata nzi hamdhuru. Wateja wanamfokea kwa kola iliyobaki na mkunjo, naye anajibu, "Samahani sana bosi, naipitia tena." Basi huyo huyo, kwenye simu, ni Jemadari Radi, mchinja majoka, ambaye watu chungu nzima wasiomjua wanamwita Mkuu.

Kwenye grupu lao kila mmoja hubuni shujaa wake. Wawili hupambana kwa kuandika: huyu anarusha pigo, yule anakwepa, mwamuzi anaamua. Sheria kubwa ni kwamba neno likishatumwa limetumwa, halifutwi. Shujaa akifa amekufa, na miaka yako yote ya kumlea imekwenda na maji. Watu wazima na ndevu zao hununiana wiki nzima kwa sababu ya ngao ya barafu.

Dobi ushujaa ulimkolea mpaka akavuka mpaka. Alipoulizwa kazi yake, alijibu kwamba ni ofisa wa jeshi, na mengine hawezi kusema kwa sababu za usalama. Wakameza. Tangu hapo akichelewa kujibu, wenzake huambiana kwa heshima, "Mkuu yuko kwenye operesheni." Operesheni yenyewe ni mashuka ya nyumba ya wageni.

Siku ya pambano la kuwania kiti cha ufalme, dobi alipiga pasi kwa mkono wa kulia na kupigana kwa dole gumba la kushoto. Mpinzani wake, Bibi Jinamizi, alikuwa chini, upanga umemvunjika. Limebaki pigo moja tu. Dobi akaandika, "Nimekuua!" Simu yake, ambayo hujifanya inajua Kiswahili kuliko mwenyewe, ikabadilisha herufi moja. Naye akatuma bila kutazama, akaendelea na suruali yake huku akipiga mluzi.

Grupu zima likasoma: "Nimekufa!"

Bibi Jinamizi akajibu, "Asante."

Mwamuzi hakuchelewa: "Jemadari Radi amekufa kwa kauli yake mwenyewe." Zogo likazuka. Lakini mwamuzi alikuwa na huruma, akamwandikia dobi pembeni: "Mkuu, ipo njia. Aliyekosea kwa kubanwa na kazi anaruhusiwa kurudia pigo. Piga picha hapo kazini ulipo, uitume kwenye grupu waone wote, tukufufue."

Dobi akatazama kazini alipo. Beseni la povu. Soksi kwenye kamba. Sidiria ya mteja mmoja mnene, imetandazwa kama hema. Picha moja tu na Radi angeishi, ila angeishi akiwa dobi. Iliuma, tena iliuma kwelikweli, maana Radi hakuna aliyewahi kumfokea.

Akaandika: "Jeshini hatufufuki."

Rambirambi zikamiminika. "Mkuu, ulitufunza ujasiri." "Lala salama, simba wetu." Bibi Jinamizi mwenyewe alituma ua. Dobi akasoma moja moja, machozi yakamshuka, makamasi nayo yakafuata.

Mkewe akaingia na ndoo ya maji. "Baba watoto, mbona unalia? Nani kafa?"

"Mkuu mmoja wa jeshi."

"Jamani! Mlijuana?"

"Sana."

"Na hukuwahi kuniambia una rafiki mkubwa hivyo." Mama wa watu akatua ndoo, sura imemjaa huruma. "Pole, mume wangu. Wanazika lini?"

"Ni... leo leo."

"Basi utakwendaje na hilo shati? Hebu vua, kaa hapo upumzike."

Akamvua mwenyewe, akaitwaa pasi, akaanza kumnyooshea shati taratibu, mkono mmoja kisha wa pili, huku akimsomea marehemu dua kwa sauti ya chini. Tangu waoane, wa kumpigia dobi pasi hakuwahi kutokea. Dobi alikaa kifua wazi kwenye kigoda, akakosa pa kuuweka uso wake.