Soda Zilizofunguliwa Mapema

Mke wangu alipofariki, wenzangu kazini walinipa pole siku tatu, kisha wakaacha. Sikuwalaumu. Kwetu Waislamu mwanamume hana eda. Anazika, anarudi kazini. Na miaka ile ya vita kila mtu Bujumbura alikuwa na msiba wake. Wangu hakupigwa risasi. Alishikwa na homa wakati njia zimefungwa, na zilipofunguliwa hakuhitaji tena gari.

Nilikuwa mtunza stoo wa depo moja ya sabuni na mafuta, karibu na bandari. Shule niliishia darasa la sita. Patroni, mwenye depo, aliniamini kwa kuwa sikuwahi kumdanganya hata juu ya kipande cha sabuni, na kwa sababu hiyo akanitwisha mzigo wa kupanga siku yake. Alitaka wafanyakazi wote waende Kibenga, kwenye ukumbi mmoja kando ya ziwa, wakae pamoja, wazungumze, wale meza moja.

“Watu wanapitana humu ndani hawaangaliani,” alisema. Ilikuwa kweli.

Nilimwomba jambo moja tu: isiwe Jumamosi ya arobaini ya mke wangu. Mama mkwe wangu alikuwa ameshawaambia majirani wa Buyenzi kwamba dua itasomwa baada ya alasiri. Patroni akasema sawa, tutafanya wiki mbili kabla.

Wiki hiyo risasi zililia kwenye milima ya juu ya Kibenga, mwenye ukumbi akafunga geti. Wiki iliyofuata njia ilikuwa wazi, lakini watu wa Ngagara walikataa lori lipite mitaa ya wenzao wa kabila la pili, na wenzao wakakataa kusubiri Ngagara. Nilichora njia mbili kwenye kipande cha katoni, nikamzungukia kila mmoja nacho. Aliyekubali asubuhi alikuwa na sababu mpya mchana. Dereva wetu, mtu wa Uvira, alinitazama akacheka.

“Kaka, hata vita watu hawapange hivi. We ungekuwa jenerali, tungekuwa tulishamaliza.”

“We endesha tu gari.”

“Nitaendesha. Unionyeshe tu mahali watu wanakubali kuikala meza moja.”

Mwishowe patroni aliniita. “Ukumbi umepatikana Jumamosi hii.”

“Patroni, hiyo ndiyo arobaini.”

Aliitazama kalenda ukutani. “Dua iko saa ngapi?”

“Saa kumi.”

“Saa nane tutakuwa tumemaliza kula. Lori litakupeleka wewe kwanza.”

Nilipaswa kukataa. Sikukataa, kwa kuwa niliogopa kupoteza kazi. Hiyo ndiyo kweli, na hata leo sijaipatia maneno mazuri zaidi.

Basi siku hiyo niliipanga kwa dakika. Kuku niliwachinja mwenyewe alfajiri. Bia patroni alikuwa ameikataza, kwa hiyo kulikuwa na soda tu. Wenzangu walipokuwa bado ukumbini wanasikiliza hotuba, nilitoka nje, nikafungua chupa zote, nikaweka moja mbele ya kila kiti, ili wakitoka wale mara moja nami niondoke.

Mtu wa Bujumbura anayesoma hapa ameshajua. Kwetu chupa hufunguliwa mbele ya macho ya mnywaji, ajue haikutiwa sumu. Ukiingia kwa rafiki, anakuletea na kizibo chake, anaifungua unamwona. Hata pombe ya mtungi, mwenyeji hutangulia kuionja. Ni adabu ya zamani, na vita viliikaza. Mimi niliijua tangu utotoni, lakini kichwa changu siku hiyo kilikuwa Buyenzi.

Walitoka, wakaketi. Hakuna mkono ulioinuka. Mama mmoja wa Ngagara, mpiga chapa wa ofisini, aliisogeza chupa yake kwa kidole.

“Muzee, hii ilifunguliwa na nani?”

“Na mimi, mama.”

“Ulikuwa na nani?”

“Peke yangu.”

“Mi sina neno na wewe,” alisema kwa upole. “Lakini ulikuwa peke yako.”

Mpakiaji mmoja wa upande wa pili wa meza, ambaye hakuwa amemsemesha mama huyo miezi mingi, akatikisa kichwa. “Leo mama amesema kweli.”

Nilikunywa ya kwangu wakiona.

“Hiyo ni yako,” dereva akasema. “Kunywa ya mama.”

Nikanywa ya mama. Wakataka ninywe na ya mpakiaji. Watu walianza kucheka, pande zote mbili, na patroni akacheka nao. Mimi nilikuwa natazama jua. Kuku nao waliachwa; nani angekula chakula cha mtu aliyekataliwa soda zake? Patroni akamtuma dereva mjini na kreti, alete nyingine. Lori likaondoka bila mimi, kwa sababu mtunza stoo hawezi kuacha meza ya watu wenye njaa. Liliporudi nilisimama nikafungua chupa moja moja, macho ya wote yakiwa mkononi mwangu. Saa kumi ilinikuta nikifungua.

Nilipofika Buyenzi mikeka ilikuwa imeshakunjwa.

“Imamu alikungojea, mwanangu,” mkwe wangu alisema. “Halafu watu wakaogopa saa ya kufunga njia.”

“Kazi ilichelewa, mama. Makosa ni yangu.”

 Aliingia ndani akaniletea sahani ya pilau na soda aliyoniwekea tangu dua. Ilikuwa imefunguliwa, imefunikwa kisahani. Nilikuwa na hasira na patroni, na wale wote wa mezani, na zaidi ya yote na mkono wangu mwenyewe. Lakini nitasema kweli: nyumbani kwa mama wa mke wangu, na kiu niliyokuwa nayo, niliitazama chupa ile, sikuigusa.

Aliona. Akaichukua, akanywa funda moja, akanirudishia.

Nikainywa. Gesi ilikuwa imeshaisha.