Ubao wa Keziah

Asahel Purdy alifika Tolliver, ukingoni mwa Mto Mississippi, na mkokoteni wa misumari na mke mjamzito. Baridi ya kwanza haijaisha, homa ikamchukua Keziah, mtoto akiwa bado tumboni. Asahel hakuwa na uwezo wa jiwe. Akabandua ubao wa kasha la misumari, akachonga jina la mkewe kwa kisu na kuusimika kaburini.

"Jiwe litakuja, mke wangu," akaahidi.

Ahadi ni deni, lakini aliye kaburini haji kudai. Duka likastawi, likaongeza mbao, likaongeza majiko ya chuma. Kila theluji ikiyeyuka Asahel alisema jiwe ni mwaka huu, kisha shughuli zikamzidi. Alikuwa mtu mwema, ila wa kesho, kesho. Mwaka wa ishirini na tatu watu wakamchagua kuwa meya.

Reli ikaja, na stesheni ikahitaji eneo la makaburi ya zamani. Meya akatia sahihi amri: kaburi lenye jina lihamishiwe makaburi mapya mlimani, wasio na majina wazikwe shimo moja. Hakuwa na wasiwasi. Keziah si alikuwa na jina?

Siku ya kufukua alikwenda mwenyewe. Jiwe la marumaru aliloliagiza hatimaye lilikuwa limekwisha fika mlimani. Kaburini alikuta nyasi tupu. Ubao ulikuwa umeoza zamani.

"Mkeo yuko wapi, Bwana Meya?" akauliza Dolan, mchimba makaburi.

"Karibu na uzio."

"Uzio huu umesogezwa mara mbili. Hapa wamelala kumi na mmoja wasiojulikana."

"Wafukue wote. Nitamjua."

"Utamjua kwa lipi, mzee? Mifupa haina sura."

Asahel akashika uzio. "Alikuwa na mimba."

Dolan akavua kofia. "Mwaka ule wa homa walikufa wengi wenye mimba. Na amri ni yako."

Wajane walikuwa wamesimama pale wakimtazama, nao wamepoteza makaburi ya waume wao kwa amri hiyohiyo. Aliona aibu kuivunja kwa ajili yake peke yake. Akainamisha kichwa, wote kumi na mmoja wakashushwa pamoja.

Aliishi miaka sita zaidi, akiongea kidogo. Mlimani, karibu na lango, alitengewa mahali pa heshima. Wosia wake ulipofunguliwa ulisema azikwe kwenye lile shimo, bila jiwe. Madiwani walinung'unika, wakamzika hivyo. Mwaka haukuisha nyasi zikafunika, na leo anayekwenda kumwamkia meya hajui asimame wapi.