Wifi Yangu na Simu ya Vitufe Thelathini

Watu wengi wanaopiga simu kwenye ile ofisi ya wapima viwanja hawajawahi kumwona wifi yangu, lakini wote wanamjua. Ndiye anayesema, "Habari za kazi, nikusaidie nini?" kwa sauti ile ile, iwe Jumatatu asubuhi au Ijumaa jioni. Mtu aliyewaka kama moto wa kifuu huzima kabla hajamaliza kueleza shida yake. Kazini wanamwita Bi Subiri, kwa kuwa miaka ishirini na miwili amekuwa akiwaambia watu, "Subiri kidogo tu," na hao watu wakasubiri kweli.

Naandika habari hii kwa sababu imesemwa mtaani nusu nusu, na habari ya nusu huharibu jina la watu kuliko uongo mzima. Mimi ni mjane wa kaka yake. Nilikuwa mwalimu mkuu mpaka nilipostaafu, na wifi anaishi kwangu, chumba cha nyuma, tangu ndoa yake ilipovunjika. Tunagombana kila wiki, kama mawifi wa nyumba moja wanavyogombana, na chakula tunakula sahani moja.

Kazi ile alitafutiwa na marehemu mume wangu. Alimpeleka mwenyewe siku ya kwanza, amevaa koti, akamwambia mkurugenzi wa wakati ule, "Huyu ni dada yangu. Akivuruga, usihangaike naye, niite mimi." Mume wangu alipofariki, nilijua kwamba wa kuitwa sasa ni mimi.

Simu ya zamani ilikuwa na vitufe sita na mkonga mzito kama pasi. Wifi aliiendesha kwa mbinu zake. Akitaka kumsubirisha mtu, aliufunika mkonga kwa kiganja. Akitaka mpimaji, alinyoosha shingo akaita kwenye korido, na mpimaji akaja mbio, maana sauti yake ilifika hata chooni. Miaka yote hiyo kiganja chake hakikuwahi kuvujisha neno.

Mwaka huu ikaletwa simu mpya. Ina skrini, ina vitufe thelathini, na karibu kila kitufe kina kitaa chake: kijani, mwenye meza yuko huru; chekundu, anaongea. Fundi aliyekuja kuifunga, mama mmoja mwenye kicheko kikubwa, alimweleza mambo yote kwa saa moja, akamaliza kwa kusema, "Rahisi sana, dada. Hii inafanya kila kitu yenyewe."

"Basi mimi nimewekwa hapa kupamba meza?" wifi akamuuliza.

Fundi akacheka, akafunga mkoba wake, akaenda zake.

Wiki haikuisha. Mkandarasi mmoja, mteja mkubwa kuliko wote pale ofisini, alipiga akimtaka mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa amesimama pale pale mapokezi. Wifi akaufunika mkonga kwa kiganja kama alivyozoea, akanong'ona, "Ni yule mkandarasi. Nimwambieje?"

"Mwambie nimetoka," mkurugenzi akasema. "Mtu gani anachosha kama mvua ya wiki nzima!"

Sasa, simu ile ina spika, na spika ina sikio lake kwenye kitako. Wifi alikuwa amekigusa kitufe chake alipokuwa akitafuta karatasi, wala hakujua. Kiganja kilifunika mkonga, sikio la kitako likasikia yote. Mezani ikatoka sauti ya mkandarasi, taratibu kabisa: "Mwambie mvua imesikia."

Mkurugenzi alipatwa na aibu, na aibu yake akaitua mezani kwa wifi. Akampa mpaka mwisho wa mwezi. Makosa yakiendelea, pale mapokezi itawekwa sauti ya mashine: bonyeza moja kwa vipimo, bonyeza mbili kwa ramani, na Bi Subiri atashukuriwa kwa utumishi wake.

Wifi hakuniambia. Niliambiwa dukani na jirani, mke wa fundi cherehani, mbele ya watu. "Eti mwalimu, ni kweli Bi Subiri anaachishwa?"

Nilimjibu kwamba nyumbani kwetu hajapata kuachishwa kazi mtu yeyote, si mume wala mke. Kisha nikarudi bila kununua nilichofuata, nikachukua kalamu.

Niliandika barua ya kuacha kazi kwa niaba yake. Ilikuwa barua nzuri, sina haja ya kuficha: aya tatu, hakuna neno lililofutwa, na sababu nikaitaja kuwa ni majukumu ya kifamilia. Aliporudi jioni nikaiweka mbele yake pamoja na chai.

"Nini hiki?" akauliza.

"Ni mlango. Afadhali upite kwa miguu yako kuliko kusukumwa."

Akasoma mpaka chini. "Wifi, mimi bado napumua, wewe umeshanichongea jeneza?"

"Nakulindia heshima."

"Heshima ya nani? Yangu au yako?"

Nikamimina chai ambayo kikombe hakikuihitaji. Akaikunja ile barua mara nne, akaitia mkobani. "Nitakaa nayo. Nikishindwa, nitampa mwenyewe kwa mkono wangu. Ila mpaka siku hiyo usinifuatefuate. Na kama una nguvu za kuandika aya tatu, nitafutie boksi la viatu."

Boksi la viatu lilikuwa moja tu ndani ya nyumba, na viatu vya marehemu vilikuwa bado vimo. Miaka sita sikuwa nimelifungua. Nilivitoa, nikavipangusa vumbi ambalo halikuwepo, nikavipanga chini ya kitanda. Kifuniko nikampa dada yake.

Juu ya kile kifuniko alichora ile simu. Kwenye kopo langu la ushonaji akachukua vifungo thelathini vya mashati, akavibandika kwa gundi kila kimoja mahali pake: kikubwa cha koti kikawa cha kusubirisha, viwili vya bluu vya kuhamisha simu, vidogo vyeupe vya meza za watu. Kila jioni, kabla ya kupika, tukaanza mazoezi. Sebule ikawa ofisi ya mkurugenzi, jiko likawa chumba cha wachora ramani, na stoo ikabaki stoo. Mimi nikawa mteja, nikiwa na mwiko sikioni.

"Nataka mkurugenzi," nilisema.

"Nani anaongea?"

"Huijui sauti yangu?"

"Mama, kwenye simu hii hata kaka angeulizwa jina."

Nikajifunza na mimi. Kuna njia mbili za kumhamisha mtu. Ya kwanza unamrusha moja kwa moja kwenye meza ya mwenzio na kuendelea na kazi zako. Ya pili unamsubirisha, unazungumza kwanza na mwenye meza, unamweleza nani anamtafuta na kwa nini, akikubali ndipo unawakutanisha. Wifi aliichukia ile ya kwanza toka mwanzo. "Hiyo ni kumsukuma mgeni chumbani kwa mtu bila hodi," alisema. "Sisi hatukulelewa hivyo." Hapo, kwa mara ya kwanza mwezi ule, tulikubaliana.

Kisha kuna kuegesha. Mpimaji akiwa hayupo mezani kwake, simu huwekwa kwenye nafasi yenye namba, unatangaza kwenye spika za ofisi, na mpimaji huichukua kutoka simu yoyote iliyo karibu naye. Ubaya wake ni kwamba mtu aliyeegeshwa hasikiki popote. Asipofuatwa, atakaa.

Hilo nililijua kwa mwili wangu. Jioni moja aliniegesha barazani, nafasi ya pili, akaenda kumtafuta mpimaji jikoni. Kule jikoni akakuta mboga inaungua, akashughulika nayo, akanisahau. Nikasimama na mwiko wangu sikioni mpaka akapita mke wa fundi cherehani.

"Shikamoo, mwalimu. Unaongea na nani?"

"Nasubiri kuunganishwa," nikajibu kabla sijafikiri.

Kesho yake mtaa mzima ulikuwa na habari hiyo. Miaka yote hii nimelilinda jina la nyumba ile, likaja kudondoka kwenye mwiko. Jioni ile, nikitoka barazani, nilimfuata wifi jikoni nikiwa nimefura, nikamkuta ameketi juu ya ndoo anacheka mpaka machozi. Nilijaribu kuendelea kukasirika nikashindwa. Alipotulia akajifuta macho, akasema, "Ndilo kosa litakalonifukuzisha hilo, wifi. Hebu tena."

Tukarudia. Siku hiyo mboga tuliila na kuungua kwake.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi aliondoka mapema. Saa mbili hivi, nikipanga meza, nikaona miwani yake ya kusomea iko juu ya kile kifuniko. Bila ile miwani wifi hawezi kutofautisha saba na moja, sembuse herufi zile ndogo kama mayai ya sisimizi. Nikainyakua, nikajifunga mtandio, nikaenda kwa miguu robo saa nzima bila kusalimia mtu, jambo ambalo si tabia yangu.

Mapokezi yenyewe ni chumba kidogo: viti vinne, ramani kubwa ukutani, maua ya plastiki yaliyokwisha kufifia. Nilipoingia nilimkuta anaongea. Akaniinulia kidole kimoja, kama anavyowainulia wote. Mimi, wifi yake! Nikaketi.

Mkandarasi ndiye aliyekuwa kwenye simu. Niliyajua mambo kwa majibu ya wifi: wako kiwanjani, tingatinga limewashwa, jiwe la mpaka halionekani, na wakichimba pasipo pao watakuwa wamevunja ukuta wa jirani. Anamtaka mpimaji, sasa hivi.

"Usikate, ndugu yangu. Nakuweka mahali dakika moja, na nikirudi ni mimi mwenyewe." Kidole kikaenda kwenye kitufe bila macho kukifuata. Spika za ofisi zikasema kwa sauti yake, "Mpimaji, simu yako iko nafasi ya pili. Mpimaji, nafasi ya pili."

Hakuna aliyechukua. Nikiwa na miwani yake mkononi, nikaanza kuhesabu moyoni. Simu nyingine ikaingia. Akaipokea, akaihamishia kwa wachora ramani baada ya kubisha hodi kwanza. Nilikuwa nimefika hamsini wakati kitaa cha ile nafasi ya pili kilipoanza kuwaka na kuzima kumkumbusha, lakini yeye alikuwa ameshakigusa.

"Ni mimi. Sijakusahau. Nipe nusu dakika tena." Akawapigia wachora ramani. "Mpimaji yuko hapo kwenu? Anakunywa chai? Mwambie aweke kikombe." Kisha, "Mkandarasi yuko kwenye laini, anauliza jiwe la kona ya juu, tingatinga linanguruma. Uko tayari? Haya, ongeeni." Na kitaa kikawa chekundu.

Ndipo akanigeukia. "Kuna nini nyumbani?"

Nikamwonyesha miwani. Akajipapasa kichwani, kifuani, akashangaa kweli. "Kumbe! Mimi nikadhani leo skrini imechafuka tu."

Muda wote ule vidole vyake vilikuwa vikitembea kama juu ya vifungo vya mashati vya kwenye kifuniko.

Baada ya muda mkandarasi akapiga tena, safari hii akimtaka mkurugenzi. Naye mkurugenzi, kama aliyeitwa na bahati mbaya, akatokea koridoni akasimama pale pale alipokuwa amesimama siku ile. Wifi hakugusa mkonga kwa kiganja. Alibonyeza kitufe, akangoja kitaa kianze kuwaka na kuzima, kisha akasema kwa sauti yake ya kawaida:

"Bosi, mvua iko kwenye simu. Nimwambie umetoka?"

Nilitamani ardhi inimeze na kiti changu. Mkurugenzi akarudi nyuma hatua moja, akaikodolea macho ile simu. "Anasikia?" akanong'ona.

"Hasikii. Angalia kitaa."

Akakiangalia kitaa muda mrefu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Nipe," akasema, "nipe, naenda kuipokea ndani."

Alipotoka alikuwa ametulia. Mkandarasi alikuwa amemweleza kwamba jiwe limeonekana na ukuta wa jirani umesalimika. Tena alikuwa amesikia mambo ya bonyeza moja, bonyeza mbili. Akasema yeye hana vidole vya kuchezea, siku akijibiwa na mashine atahamia kwingine. Mkurugenzi alisimulia hayo akiwa anaitazama ramani ya ukutani, si sisi.

"Mashine tutaiweka," akasema mwishowe, "lakini kwa saa zile ofisi imefungwa tu. Na inahitaji mtu wa kuirekodi. Bi Subiri, utatusomea hayo maneno?"

"Nitasoma," wifi akasema, "ila lazima yaanze na salamu."

"Yaanze na salamu."

Mkurugenzi ndipo aliponiona vizuri. "Mama, umehudumiwa?"

"Mimi ndiye wa kuitwa," nilimwambia. "Mume wangu aliahidi hapa kwamba huyu akivuruga, aitwe yeye. Hayupo. Nimekuja kuona kama naitwa."

Akanipa mkono kwa mikono yake miwili. "Hapana, mama. Hukuitwa."

Jumatatu iliyofuata nilipita tena, safari hii bila sababu. Chini ya kioo cha meza yake nikaona karatasi yenye mikunjo minne, imejaa namba za meza zote za ofisi kwa mwandiko wake mkubwa wa kulala. Niliitambua kwa mikunjo. Ilikuwa barua yangu, imegeuzwa, aya zangu tatu zimelala kifudifudi.

"Ungenitafutia karatasi nyingine," nilimwambia. "Ule ni mwandiko mzuri."

"Ndiyo maana nimeuweka chini ya kioo," akajibu, akainua kidole kimoja, maana simu ilikuwa inaita.