Tangi Nyuma ya Jiko

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu Masanja, na leo umenilazimisha niirudie wakati mdomo wenyewe umeshachoka. Kaa hapo. Mwambie fundi wako aache kwanza kuchimba hayo mashimo nyuma ya jiko. Sitachukua asubuhi yote, maana pumzi ya kuichukua sina.

Nilikuwa mkamwana mpya katika mji huu huu. Baba yako alikuwa amenunua trekta kuukuu kwa fedha za pamba, la kwanza hapa kijijini, na moyo wake wote ulikuwa humo. Shida ilikuwa mafuta. Kituo kilikuwa Kahama mjini, na msimu wa kulima ukifika kila mwenye dumu anakimbilia huko. Mvua ya kwanza inanyesha, trekta limelala uwanjani tupu, na wenye majembe ya ng'ombe wanapita wakimcheka. Akasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Akaenda Geita kwa wauza chuma chakavu, akarudi na tangi refu kama ng'ombe aliyelala, akalipandisha juu ya miguu ya chuma, akalifunga koki na mpira ili dizeli ishuke yenyewe kwenye trekta. Akiba haiozi, mwanangu. Kuweka mafuta nyumbani si ujinga, na wewe pia sikukatazi.

Ujinga ulikuwa mahali. Alilisimamisha nyuma ya jiko. Alipoulizwa kwa nini, akajibu kama ulivyonijibu wewe jana, neno kwa neno, mpaka nikageuka nione kama hajafufuka: "Wezi wa dizeli ni wengi. Jikoni hapakosi mtu."

Mtu huyo alikuwa mimi. Nilifanywa mlinzi bila kuambiwa, tena mlinzi mwenye moto mkononi asubuhi na jioni. Na kwa kuwa chini ya tangi palikuwa na kivuli, akaanza kuweka hapo na dumu la petroli ya pampu ya bustani. Kifuniko kilishapotea, mdomo akauziba kwa gunzi la mahindi. Wanaume!

Mimi nilikuwa naona. Koki inavuja tone kwa tone mpaka udongo umekuwa mweusi, gunzi limelegea, ugali wangu unanuka trekta. Kichwa kinaniuma toka asubuhi. Nikanyamaza. Mama yangu siku ananiaga alinipa maneno mawili tu ya kushika, bora kujikwaa kidole kuliko ulimi, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kwetu, wewe unajua, mkamwana hapandishi sauti mbele ya baba mkwe, hampiti karibu, na jina lake halitamki hata akiota. Jirani akiwa na jina kama la mkwe wako, unamwita "yule wa kule." Ndivyo tulivyolelewa, na sisemi tulilelewa vibaya.

Basi siku hiyo wazee walikuja kuliangalia tangi, maana lilikuwa kitu kigeni. Baba yako amewasha trekta pale uwanjani, linanguruma, anawaeleza na kifua mbele. Mbuzi dume mmoja, mtundu kuliko wote, alikuwa anatafuta maganda ya viazi nyuma ya jiko. Akalipiga dumu kwa pembe. Dumu likalala, gunzi likaruka, petroli ikaanza kutiririka kufuata njia ya kwenda uwanjani. Nikaumwagia moto wangu chungu kizima cha maji ya ugali. Nainua macho, namwona baba mkwe anakuja kwa njia ile ile, kiko mdomoni, kijinga cha moto mkononi, anatafuta mahali pasipo upepo awashe tumbaku yake.

Nikaita, "Baba! Baba!" Nani ageuke? Wazee wote pale walikuwa baba zangu, trekta linanguruma, na yeye sikio lilikuwa zito. Hatua zake zinakuja, petroli nayo inakuja. Nikataka kukimbia, nisikufiche, lakini nilikuwa na mimba ya dada yako, na tumbo zito halikimbii. Ndipo nikafungua kinywa nikaliita jina lake. Nikaliita lote, la kwake na la baba yake, kwa sauti ya kufukuzia fisi.

Akasimama pale pale. Hata trekta, baba yako alilizima.

Unadhani wazee waliangalia petroli? Waliniangalia mimi. Mdogo wake baba mkwe akashika kichwa. "Yaya, hapana! Mkamwana kamtaja mkwe wake mchana kweupe, mbele za watu! Huyu arudishwe kwao akafundishwe upya." Wengine wakaitikia. Nikamtazama mume wangu, na yeye akatazama viatu vyake. Nililia, mwanangu, pale kwenye majivu yenye maji, nikiwaza njia ya kurudi kwetu na tumbo langu mbele, na nitamwambia nini mama yangu.

Baba mkwe aliinama, akanusa. Akarudi kinyumenyume mpaka kwenye birika la ng'ombe, akakizamisha kijinga chake majini, na kiko nacho akakitoa mdomoni. Kisha akanijia, akasimama mbali kidogo kama desturi inavyotaka, akanisemesha huku akitazama pembeni.

"Hii harufu umeijua tangu lini?"

"Tangu tangi liwekwe, Baba."

"Ukanyamaza."

"Nilikuheshimu, Baba."

"Ungeniheshimu mpaka nigeuke majivu?" "Ng'wanawane, heshima ni ya mtu aliye hai. Majivu hayapewi shikamoo."

Alinikemea, maana hilo lilikuwa kemeo, usidhani alinisifu. Lakini aliniita mwanawe, na mpaka leo nikilikumbuka neno lile machozi yanakuja. Kisha akamgeukia baba yako, na huko sitakupeleka, marehemu hasemwi. Nakupa moja tu. Alimwuliza, "Mlinzi wa mafuta yako unamlipa nini? Kuungua?"

Wazee hawakuridhika. Wakataka faini ya mbuzi ili jina lioshwe. Baba mkwe akasema sawa, mila ni mila, na mbuzi atamtoa yeye mwenyewe. Akamkamata yule yule mwenye pembe. Tulimla jioni ile. Hakuwa mtamu hata kidogo, alinuka petroli mpaka kwato, lakini mifupa yake niliiguguna kwa hasira.

Tangi likakokotwa na ng'ombe hadi ng'ambo ya zizi. Ila usifikiri mambo yalikwisha vizuri kama hadithi za shuleni. Kisimani nimekuwa "yule aliyemtaja mkwe" mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Baba yako hakuniomba radhi mpaka anaingia kaburini. Nilingoja, nikachoka kungoja, nikaendelea kupika. Na jina la yule mzee sikulitamka tena. Hata nikipalilia kaburi lake nasema Baba.

Haya, sasa njoo kwako. Duara lako la kuchimbia kule Geita limekupa dhahabu, Mungu ashukuriwe. Wengine wameshuka humo na hawakupanda, wewe umepanda na trekta. Tangi umelileta juu ya fuso kutoka Kalangalala, Geita mjini, zuri, linang'aa, halina hata kutu. Na katika uwanja wote huu hukuona pa kuliweka ila nyuma ya jiko la mke wako, eti mafuta yakilala mbali wezi watayaiba wawauzie wenye karasha za kusaga mawe. Nikakwambia jana, ukanijibu, "Mama, haya mambo ya mafuta wewe huyajui." Nikanyamaza. Tazama jinsi kunyamaza kunavyorudi kwa wepesi, hata kwa bibi kizee.

Jioni nikamwona mkeo, Mama Kulwa, anayang'oa mafiga yake. Doto mgongoni, Kulwa kashikilia kanga, anayahamishia upande wa upepo ambako moto haushiki. Nikamwuliza kuna nini. "Hakuna neno, Mama." Nikachoka mwili mzima. Hilo "hakuna neno" nalijua, nimelisema mimi, katika jiko lile lile. Kimya kingi kina mshindo mkuu, mwanangu, na safari hii kuna watoto wawili ndani yake.

Kwa hiyo lipeleke ng'ambo ya zizi, penye wazi, ambapo hapapiti mtu na moto wala mtoto na mchezo, na upepo hauleti harufu nyumbani. Chini lizungushie ukuta mfupi wa matofali, uusakafie, ili likivuja mafuta yabaki humo yasitembee. Liezekee, koki itie kufuli, ndoo za mchanga zisikosekane. Petroli usiilaze pamoja na dizeli, na kila dumu liwe na kifuniko chake. Ukiogopa wezi, fuga mbwa, ajiri mlinzi. Mama Kulwa umemwoa, hukumwajiri.

Hayo fundi yeyote mwenye akili angekwambia. Langu ni jingine. Kabla hujasimamisha kitu cha hatari katika mji wako, mwulize anayeshinda karibu nacho. Mwulize, kisha umngoje, maana jibu la kwanza litakuwa "hakuna neno." Ngoja la pili. Likichelewa, kaa naye jikoni, shika hata kuni, litakuja. Na likija, usitazame viatu vyako.

Inuka sasa, kamwambie fundi afukie mashimo. Mungu akubariki, mwanangu. Trekta lako lisilale uwanjani siku mvua inanyesha. Moto wa nyumba yako uivishe chakula na usiunguze kingine. Wanao wakuzike wewe, wewe usiwazike wao.

Na mke wako nimeshamwita asubuhi hii, nikamkalisha hapo hapo ulipokaa. Alidhani nataka kumgombeza, maskini. Nimemwambia masikio yangu sasa yamekuwa kama ya yule mzee. Siku akiniona naelekea kwenye hatari, asipoteze muda na Mama, Mama. Aniite kwa jina langu, Nkwimba. Nitageuka.