Fomu ya Maswali Ishirini

Chuo kilinipa wanafunzi thelathini niwe mshauri wao wa masomo, na hakuna aliyenifundisha kazi hiyo. Niliogopa. Nilikuwa mhadhiri msaidizi mpya hapa Mbeya, nimepanga chumba Ilomba, na mimi kosa dogo tu hunitesa wiki nzima. Kwa hiyo nilijifundisha mwenyewe. Nilitazama video mtandaoni, nikajaza daftari zima, mwishowe nikatengeneza fomu ya maswali ishirini. Niliichapa upya mara nne kwa sababu mistari haikunyooka.

Kila mwanafunzi nilimpangia dakika kumi na tano. Ili zitoshe, nilipunguza salamu.

Naona aibu kuandika hivyo. Nimekulia Iringa, kwa bibi anayeuliza habari za mahindi, za ng'ombe na za baridi kabla hajakuambia nani amefariki. Kwetu habari nzito haitangulii. Nililijua hilo tangu utoto, nikaliweka kando kwa kuwa halikuwemo kwenye video.

Binti mmoja wa mwaka wa pili alikuja Jumanne asubuhi. Kwao ni Igawa, familia ya wafugaji wa Kisukuma waliohamia Usangu. Alipiga goti kidogo.

"Shikamoo madam."

"Marahaba. Kaa, tuanze."

"Za nyumbani, madam?"

"Nzuri. Mahudhurio yako yakoje?"

Nilimpeleka mbio. Swali la kumi na nne liliuliza kama ana tatizo lolote la kifamilia. Akatazama kalamu yangu. "Hapana," akasema. Nikaandika hapana, kwa mwandiko mzuri, naye akasaini chini. Tulimaliza kabla ya muda. Nikamshukuru kwa kutonichelewesha.

Wiki iliyofuata aliondoka chuoni na hakurudi kufanya mitihani. Matokeo yalipotoka, jina lake lilikuwa kwenye orodha ya waliodisko, waliofutiwa masomo. Mwenzake wa chumbani ndiye aliyenieleza: mama yake alikuwa amepooza, na hakukuwa na mtu wa kumuuguza. Siku ile alikuja kwangu kuuliza kama anaweza kuahirisha mwaka. Angeweza. Ni barua ya ukurasa mmoja, na mshauri anasaini.

Jumamosi nikapanda basi kwenda Igawa. Shangazi yake, aliyekuwa amekuja kuwajulia hali, alinipokea mlangoni, akanitazama juu mpaka chini, kisha akamgeukia binti.

"Ndiye huyu madam wako? Mbona katoto?"

Binti akacheka. Mimi nilishindwa. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulikuwa unaandika, madam. Nikaona nisikuharibie fomu."

Hakuwa ananisuta. Angenisuta ningepumua.

Nilimwandikia rufaa, kurasa tatu, nikakiri kila kitu. Kamati ya rufaa ikataka kumbukumbu za ushauri, nami nikaipelekea ile fomu, maana sikuwa na nyingine. Mwenyekiti aliisoma yote, akanigeuzia, kidole chake kwenye namba kumi na nne.

"Aliulizwa, akasema hapana. Na saini yake hii hapa."

Kisha akasema, bila kejeli, kwamba angependa washauri wote wawe na kumbukumbu safi namna hii.

Siku hizi naweka kalamu mbali. Nauliza za nyumbani, najibu nikiulizwa, naacha mtu aongelee mvua mpaka achoke nayo. Juzi kijana mmoja alizungumzia baridi ya Mbeya karibu nusu saa, ndipo akasema amefiwa na mdogo wake. Nadhani nimekuwa mshauri mzuri kiasi. Sijivunii. Najua nimejifunza kwa hasara ya nani.

Uamuzi wa kamati nilitakiwa kumpa mimi mwenyewe. Nilimpigia simu mchana uleule kamati ilipokataa rufaa, nimesimama nje ya ofisi.

"Kwa hiyo nikitaka kusoma naanza tena mwaka wa kwanza?"

"Ndiyo. Unaomba upya."

"Hata yale niliyofaulu?"

"Hata hayo."

"Haya madam. Subiri nimgeuze mama."

Hakukata simu. Nilisikia kitanda kikilia, mama akiguna, na yeye akimsemesha Kisukuma, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto mchanga. Sikuelewa hata neno moja. Nilisubiri, simu sikioni. Nadhani alisahau kwamba nipo.